Nimelipa dola 2,000 na bado nadaiwa dola 2,000

Swali: "Shikamoo. Naishi Houston, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na kabla ya makato napata kama dola 2,700 kwa mwezi. Miezi minne iliyopita niliweka hati ya gari langu rehani nikapewa dola 2,000 ili nilipe kodi ya nyumba iliyochelewa. Kila baada ya siku 30 wananikata dola 500 kwenye akaunti ya benki. Nimeshalipa dola 2,000 kamili, lakini juzi nilipouliza salio nikaambiwa nadaiwa dola 2,000. Nilidhani mashine imekosea. Rafiki yangu ananishauri nichukue mkopo wa mshahara mtandaoni niwalipe hawa niachane nao. Nilipowaambia nitasitisha malipo, mmoja wao akasema nitaona polisi mlangoni. Nifanye nini? Na binamu yangu naye anataka kwenda kukopa palepale, nimwambieje?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mashine haijakosea, na ndiyo maana jambo hili linauma.

Toa mkataba wako ulipouficha, tuusome pamoja. Katika kurasa za mwanzo kuna kisanduku chenye vyumba vinne vilivyopangwa kwenye mstari mmoja. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968 ndiyo inayomlazimisha kila mkopeshaji kukiweka. Chumba cha kwanza kina herufi APR, yaani gharama ya mkopo ikihesabiwa kana kwamba umekaa nao mwaka mzima. Kwa hesabu uliyonipa, pale patakuwa na asilimia kama 304. Cha pili ni gharama ya kukopa, dola 500. Cha tatu ni fedha uliyopewa mkononi, dola 2,000. Cha nne ni jumla utakayolipa, dola 2,500.

Kitazame vizuri hicho chumba cha nne. Kinasema ukileta dola 2,500 siku ya thelathini, mmemalizana. Karatasi haikudanganya hata neno. Ilieleza vizuri sana mkopo wa siku 30 ambao karibu hakuna mkopaji anayeweza kuulipa kwa siku 30. Mtu aliyekosa dola 2,000 za kodi mwezi huu atazitoa wapi dola 2,500 mwezi ujao, na kodi nyingine imefika? Siku ikifika unaambiwa, "Usijali, toa ada tu tusogeze." Zile dola 500 ni bei ya siku 30. Umenunua siku 30 mara nne, na deni la msingi halijaguswa hata senti.

Wala usijione mjinga. Mwaka 2016 ofisi ya serikali kuu ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, ile inayojulikana kwa herufi CFPB, ilichapisha uchunguzi wake kuhusu mikopo ya hati ya gari ya kulipa mara moja. Zaidi ya mikopo minne kati ya mitano ilisogezwa siku ilipofikia kulipwa, kwa sababu mkopaji hakuwa na jumla yote. Na mkopaji mmoja kati ya watano aliishia kunyang'anywa gari. Ukiona duka ambalo wateja wake wengi wanashindwa kulipa kwa wakati na bado linastawi, jua kwamba huko kushindwa ndiko kunakoliingizia fedha. Nyumbani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na sijapata jina linaloifaa zaidi.

Sasa, kwa nini Texas, jimbo ulimo mji wenu wa Houston, wanaruhusiwa? Katiba ya jimbo ina mkono mzito juu ya riba, na mkopeshaji asiye na leseni maalumu hatakiwi kuzidi asilimia 10 kwa mwaka. Ndipo ukapatikana mlango wa nyuma. Angalia tena mkataba wako, nina hakika kubwa utakuta majina mawili. Moja ni la mkopeshaji, ambaye anatoza ile riba ndogo inayokubalika. Jingine ni la duka lenyewe, na kisheria duka si mkopeshaji, ni dalali aliyekutafutia mkopo. Ada ya dalali haina kikomo katika sheria ya jimbo. Kwa hiyo katika zile dola 500, riba ni vijidola vichache na zilizobaki zote ni udalali. Kila wanaposogeza tarehe dalali analipwa upya, ingawa hakuna mkopo mpya aliokutafutia.

Miji ilichoka kusubiri bunge la jimbo. Dallas ilianza mwaka 2011, na miji mingine zaidi ya 40 ikafuata. Houston ilipitisha sheria yake ndogo Desemba 2013 na ikaanza kutumika katikati ya 2014. Hapa fungua macho, maana huenda sheria hii ndogo ndiyo silaha yako kubwa kuliko zote. Kwa mkopo wa hati ya gari inasema mambo matatu. Mkopo usizidi asilimia 3 ya pato lako la mwaka kabla ya makato, wala asilimia 70 ya thamani ya gari, na kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mkopo wa kulipa mara moja usisogezwe zaidi ya mara tatu. Na kila unaposogezwa, malipo yako lazima yapunguze angalau robo ya deni la mwanzo.

Tupige hesabu yako. Dola 2,700 kwa miezi 12 ni dola 32,400. Asilimia 3 yake ni dola 972. Wewe ulipewa dola 2,000, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Umesogezwa mara nne, na kikomo ni mara tatu. Robo ya deni lako ni dola 500, kwa hiyo baada ya kusogezwa mara tatu deni la msingi lilitakiwa kuwa limebaki dola 500 tu. Wao wanakudai dola 2,000.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, soma anwani ya duka kwenye mkataba. Je, iko ndani ya mpaka wa mji wa Houston? Usiridhike kwa sababu bahasha imeandikwa Houston, kwani kuna maeneo mengi ya kaunti yanayotumia jina la Houston kwenye posta lakini yako nje ya mji. Maduka yanaujua mpaka huo barabara kwa barabara. Kama wako ndani, una malalamiko matatu mazito ya kupeleka kwenye idara ya mji inayosajili maduka haya, na pia kwenye ofisi ya jimbo inayoyapa leseni, OCCC iliyoko Austin. Niseme ukweli: sheria ndogo ya mji inalitoza duka faini, yenyewe haifuti deni lako. Lakini wakili wa msaada wa kisheria akiwa na hesabu hiyo mkononi anaongea na duka kwa sauti tofauti kabisa na yako ya peke yako dirishani. Lone Star Legal Aid wanahudumia eneo lenu na hawatozi watu wa kipato kidogo. Nenda ukaombe, na omba mkalimani kama Kiingereza cha kisheria kinakuchanganya. Usimtwishe mtoto wa nyumbani mzigo wa kukutafsiria.

Kama duka liko nje ya mpaka, malalamiko ya mji hayatakusaidia, ila yote ninayosema kuanzia hapa yanabaki vilevile.

Ushauri wa rafiki yako ukatae. Najua ametoa kwa moyo mzuri. Mkopo wa mshahara, ule mdogo wa kulipa siku mshahara ukiingia, kwa kawaida hutozwa dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki mbili, ambayo ni kama asilimia 391 kwa mwaka, na maduka mengi ya mtandaoni yanazidi hapo. Lakini riba siyo inayonitisha zaidi. Wa mtandaoni wanashika akaunti yako ya benki, ambayo ndimo mshahara unamoingia. Alikuwepo mtu anaitwa Scott Tucker, aliyeendesha mikopo ya namna hiyo akijificha nyuma ya jina la makabila ya Wahindi Wekundu ili sheria za majimbo zisimfikie. Karatasi zake zilisema ukikopa dola 300 utarudisha dola 390. Chini kwa maandishi madogo ilielezwa namna mkopo utakavyojisogeza wenyewe, akaunti ikikatwa ada tupu kila siku ya mshahara, na mkopaji akaishia kutoa dola 975. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 16. Yeye alifungwa, lakini mbinu yake wengine bado wanaitumia. Ukichukua mkopo huo, utakuwa na wawili wanaokukausha: mmoja ameshika gari, mwingine ameshika mshahara.

Badala yake tafuta fedha inayopunguza deni la msingi. Hicho ndicho kipimo ninachotaka ukitumie kwa kila dola itakayotoka mfukoni mwako kuanzia leo: inapunguza deni, au inanunua siku?

Marekani kuna vyama vya akiba na mikopo, ndugu wa sacco zetu. Vile vyenye leseni ya serikali kuu vinaruhusiwa kutoa mkopo maalumu uliobuniwa kwa ajili ya watu kama wewe. Riba yake haivuki asilimia 28 kwa mwaka, ada ya maombi haivuki dola 20, na hairuhusiwi kuusogeza kwa kulipa ada. Aina yake ya kwanza, ya mwaka 2010, inafika dola 1,000 na inataka uwe mwanachama kwa mwezi mmoja kwanza. Aina ya pili, ya mwaka 2019, inafika dola 2,000, unapewa hadi miezi 12, na unaweza kuomba siku hiyohiyo unayojiunga. Si kila chama kinautoa, hivyo piga simu kadhaa na uulize kwa jina lake: PAL. Tazama tofauti. Dola 2,000 kwa asilimia 28, miezi 12, marejesho ni kama dola 193 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka umelipa riba ya dola 316 hivi, na deni limekwisha. Hao wa sasa wanakula dola 500 kwa mwezi mmoja na deni liko palepale.

Ukikosa huko, kuna upatu. Nimeona akina mama katika kanisa na msikiti wakibadilishana zamu ili mwenye shida apokee mapema, na sijaona benki yenye riba ndogo kuliko hiyo. Aibu ndiyo inayotuzuia. Tunaona heri kumweleza karani tusiyemjua shida zetu kuliko kumweleza mweka hazina wa kikundi chetu.

Na kama hata upatu hakuna, basi ukilazimika kusogeza tena, usilipe ada peke yake. Ongeza chochote na uandike kwamba nyongeza ni ya deni la msingi, kisha udai risiti inayoonyesha salio jipya. Ukiongeza dola 250, deni linakuwa 1,750, na ada ya mwezi unaofuata inashuka kutoka 500 hadi 437.50. Ni mwendo wa konokono, lakini angalau konokono anatambaa. Iko pia njia ambayo watu hawapendi kuisikia, kuuza gari mwenyewe. Kama lina thamani ya dola 6,000, ukiliuza kwa makubaliano nao unalipa deni na unabaki na nauli na akiba. Likiuzwa na wao kwenye mnada bei itakuwa ya kutupa.

Kuhusu akaunti ya benki: unayo haki ya kuzuia makato, na haki hiyo inatoka kwenye sheria ya nchi, haihitaji ruhusa ya duka. Iambie benki angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa, na ukisema kwa mdomo peleka na barua. Mtumie barua na mkopeshaji kwamba umeondoa idhini. Benki inaweza kukutoza ada ya kuzuia, uliza kwanza. Ila elewa kwamba kuzuia makato hakuzuii deni. Usipolipa kwa njia nyingine unakuwa umeshindwa kulipa, na hapo gari liko hatarini. Kwa hiyo zungumza na wakili kabla ya kubonyeza hicho kitufe, si baada.

Sasa polisi. Katiba ya Texas inasema wazi kwamba mtu hafungwi kwa ajili ya deni. Sheria ya madalali wa mikopo nayo inawakataza kukutishia kesi ya jinai kwa sababu ya hundi au makato yaliyogonga mwamba, labda kama ulighushi au uliiba. Aliyekutisha aliongopa, na pengine alivunja sheria. Andika tarehe, saa na jina alilojitaja. Kama alituma ujumbe, usiufute.

Lakini kuna jambo moja hapo ambalo hataki kukuambia na mimi lazima nikuambie. Gari lenyewe usilifiche kwa shangazi wala usilisafirishe kwenda jimbo jingine, na usimuuzie mtu kimyakimya. Texas kuficha mali iliyowekwa rehani kwa nia ya kumzuia mdai ni kosa la jinai. Nimeona watu waliokuwa na haki yao safi wakajichafua hapo.

Ukichelewa kulipa, wanaweza kuja kuchukua gari bila kwenda mahakamani. Mara nyingi wanakuja alfajiri na gari la kukokota. Wanachokatazwa ni kuvuruga amani: kutumia nguvu, kukutishia, kuvunja kufuli la gereji. Ukiwa umesimama pale na ukakataa waziwazi, wanatakiwa waondoke, warudi siku nyingine au waende kwa hakimu. Usipigane nao. Vitu vyako vilivyomo ndani, kiti cha mtoto, sare za kazi, hati za uhamiaji, ni vyako na haviko rehani. Hata hivyo, kuanzia leo usilaze humo karatasi yoyote ya maana. Wakishalichukua lazima wakuarifu kabla ya kuliuza, na mpaka siku ya kuuza unaweza kulikomboa kwa kulipa deni lote na gharama zao. Likiuzwa kwa zaidi ya deni, ziada ni yako, ingawa sijaona duka likimkimbilia mtu barabarani kumpa ziada. Idai. Likiuzwa kwa pungufu, pengo unaweza kudaiwa.

Ukipokea karatasi ya mahakama, hiyo usiitupe. Kwenye mahakama ndogo za Texas una siku 14 za kujibu. Usipojibu, wanashinda bila kubishaniwa. Mshahara wako hauwezi kukatwa na mwajiri kwa deni la namna hii hapa Texas, lakini wakishapata hukumu wanaweza kuifuata fedha iliyokwisha kuingia benki.

Utaniuliza, mbona serikali kuu inakaa tu? Ilijaribu. Mwaka 2017 CFPB ilitoa kanuni ya kumtaka mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa. Mwaka 2020, chini ya uongozi mwingine, sehemu hiyo ikafutwa. Ikabaki inayomzuia mkopeshaji kugonga akaunti yako tena baada ya kukosa mara mbili mfululizo bila idhini mpya. Hiyo ilitakiwa kuanza kazi 30 Machi 2025, na siku chache kabla ofisi ikatangaza kwamba kuisimamia hakutakuwa kipaumbele chake. Wanajeshi peke yao ndio waliojengewa ukuta wa nchi nzima: tangu sheria ya 2006, mwanajeshi aliye kazini na familia yake hawatozwi zaidi ya asilimia 36, na maduka haya hayaruhusiwi kushika hati ya gari lake. Bunge liliona madeni yanaharibu utayari wa jeshi. Utayari wa mama anayetunza wazee haujapata wa kuuhesabia.

Waliobaki wanategemea jimbo wanaloishi. Kila wananchi walipoulizwa kwenye sanduku la kura, walijibu bila kusitasita. South Dakota mwaka 2016, Colorado 2018 na Nebraska 2020, zaidi ya robo tatu ya wapiga kura waliweka kikomo cha asilimia 36. Illinois ilifanya hivyo kwa sheria ya bunge lake mwaka 2021. Lakini hata kikomo kinavuja kikiandikwa kizembe. Ohio waliweka asilimia 28 mwaka 2008, maduka yakahamia kwenye leseni ya mikopo ya nyumba na kuendelea kama kawaida kwa miaka kumi, mpaka sheria ya 2018 ilipohesabu na ada, ikasema gharama zote pamoja zisizidi asilimia 60 ya fedha uliyokopa. Georgia walipiga marufuku mikopo ya mshahara mwaka 2004, lakini rehani ya hati ya gari ikapita kupitia sheria ya maduka ya rehani, na hadi leo inatoza hadi asilimia 25 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Binamu yako usimhutubie. Mpeleke akaone chumba cha nne kwenye mkataba wako, umwoneshe na risiti zako nne, halafu umuulize siku ya thelathini atatoa wapi jumla ile yote kwa mkupuo. Kama shida yake ni kodi ya nyumba au umeme, apige simu namba 211 kwanza aulize misaada iliyopo, na amwombe mwenye nyumba mpango wa kulipa kwa mafungu, kwa maandishi. Na kama ameshakwenda akasaini kabla hujamfikia, muulize ni siku gani. Mkataba wa dalali wa mikopo Texas unaweza kuvunjwa mpaka saa sita usiku wa siku ya tatu baada ya kusaini, na fomu ya kuuvunja inatakiwa kuwa imeambatanishwa. Aijaze, arudishe fedha yote aliyopewa, na asiondoke dirishani bila nakala yenye muhuri na saa.